Mawe ya mto yalipasuka motoni Pasaka. Nimjengee baba vipi sehemu ya kuotea moto kabla ya Julai? (Uru, Moshi)

Binti wa Uru:

Habari za humu ndani ndugu zangu. Mimi naishi na kufanya kazi Arusha, lakini swali langu linahusu nyumbani kwetu Uru, juu ya Moshi. Naomba mnisome mpaka mwisho, sitaki kukosea mara ya pili.

Baba yangu ana miaka 81. Miaka yote alizoea kukaa jioni kwenye jiko la mama, lile la kuni lenye mafiga matatu. Mama alipofariki tulilibomoa, tukamjengea mzee nyumba nzuri ya vigae, madirisha ya vioo, jiko la gesi. Haivuji na haina moshi. Lakini Juni ikiingia, ule ukungu ukishuka kwenye migomba saa kumi na moja jioni, baba hana pa kukaa. Anajikunja sebuleni na koti na blanketi. Mwaka jana mwezi wa saba binti anayemsaidia alinipigia simu kwamba mzee ameomba jiko la mkaa liingizwe chumbani na mlango ufungwe. Sikulala usiku ule. Alfajiri nilikuwa stendi.

Ndiyo maana Pasaka hii tuliamua kumtengenezea mduara wa moto uani. Mdogo wangu alishuka mto Karanga na vijana wawili, wakapandisha mawe kumi na manne, ya mviringo, laini, yanapendeza kuangalia. Tukayapanga, tukawasha jioni ya Jumamosi. Haikufika hata nusu saa, likalia jiwe moja PAA, nilidhani mtu amepiga bunduki. Halafu la pili. Kipande chenye makali kama kigae kikapita na kumchana mtoto wa kaka yangu kwenye muundi, akashonwa nyuzi tatu. Baba alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Alisema tu, "Hayo ni mawe ya mto. Bibi yenu asingeinjika chungu juu yake." Kumbe alikuwa analijua, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa fundi mmoja wa Moshi mjini anataka laki tatu na nusu ajenge duara la tofali za saruji na plasta juu yake. Mdogo wangu anasema tununue la chuma lililochomelewa, tumalize. Uwanja wetu una mteremko, mlima uko juu, nyumba iko chini upande wa magharibi, migomba iko chini upande wa mashariki. Pasaka tuliwasha upande wa juu wa mteremko, usawa wa baraza, na moshi wote ukaingia ndani. Niongeze pia kwamba baba ana sukari, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Nijenge au ninunue? Na mawe gani hayapasuki?

Chuma Majengo:

Pole sana dada, na pole kwa mtoto.

Usitoe laki tatu na nusu. Tafuta rimu ya tairi la nyuma la trekta, ile ya inchi 38. Ina upana wa karibu sentimita 96, chuma kizito, haipasuki. Zunguka kwa wauza chuma chakavu hapa Moshi, trekta ni nyingi ukanda huu, hutakosa. Rimu ya lori nayo inafaa, ila ni ndogo, watu wanne wakikaa imejaa. Hakikisha tairi limetolewa kabisa, usikubali mtu akuambie tairi litaungulia humo humo. Rimu yenye tairi lililojazwa upepo ikipata moto inalipuka na kuua.

Ukikosa rimu, kata tangi la maji la bati, lile la mabati ya zamani. Au pipa.

Fundi Sakina:

Dada, shikamoo kwa mzee. Mimi ni fundi ujenzi, niko Sakina hapa Arusha, nimejenga sehemu za kuotea moto kwenye nyumba za watu na kwenye kambi za wageni upande wa Usa River. Nitasema kwa kirefu kwa sababu jambo hili lina watu wanaoumia bure.

Kwanza mawe. Jiwe la mto limekaa majini miaka, maji yameingia kwenye nyufa ambazo jicho halizioni. Ukilipasha moto haraka, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa sana kuliko maji. Jiwe ni gumu, limebana, halina pa kuutolea. Linapasuka. Uzuri wake wa nje, ule ulaini, hauna msaada wowote. Na mmelitoa mtoni Aprili, katikati ya masika, mkawasha siku ile ile.

Pili, saruji. Huyo fundi wenu sitaki kumsema vibaya, pengine hajawahi kujenga kitu cha moto. Tofali la saruji limeshikwa na maji yaliyofungamana na saruji yenyewe. Joto likipita nyuzi kama 400 ule mshikamano unaanza kuachia, na moto wa kuni unapita nyuzi 600 bila taabu. Plasta itabanduka mwezi wa kwanza, tena inaweza kuruka vipande kama hayo mawe. Saruji iache kwenye msingi wa nyumba.

Tatu, ndugu yangu Chuma Majengo, rimu nakuunga mkono. Bati hapana. Bati limepakwa zinki, zinki inayeyuka nyuzi 420, na moshi wake ukiuvuta unapata homa na kifua kubana. Tangi la zamani lisiwashiwe moto, hasa penye mzee. Pipa nalo linategemea lilikuwa limebeba nini.

Mimi ningejenga kwa tofali za kuchoma. Tofali la kuchoma limezaliwa motoni, moto si kitu kigeni kwake. Lakini ulichague. Shika mawili, moja kila mkono, uyagonganishe. Likilia "ting" kama kengele, limeiva. Likilia "pu", limeiva nje tu, ndani ni udongo, mvua mbili litamomonyoka. Usinunue rundo bila kugonga.

Chimba duara la upana wa mita moja na nusu, kina cha sentimita 25. Jaza kokoto sentimita 15 ili maji ya mvua yapite, maana shimo linalotuama maji halitawaka Uru mpaka Agosti. Chini usimwage zege. Panga tofali ncha zikitazama moto, upana wa ndani uwe sentimita 90. Kwa tofali za sentimita 22 kwa 10 utapata kama 26 kwa kila mstari. Mistari minne inakupa kimo cha sentimita 34 hivi, mzee akikaa kwenye kiti joto linamfika magotini na kifuani bila kuinama. Nunua 120, nyingine zitavunjika njiani. Kwenye mstari wa chini acha matundu manne, kila moja upana wa vidole vitatu, hewa iingie. Moto usiopata hewa chini ndio unaojaza watu moshi.

Udongo wa kushikia: udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, changanya na mchanga. Ukipasuka, unaziba kwa mkono siku inayofuata. Nje ukitaka ipendeze, zungushia mawe ya kwenu ya mlimani, yale meusi yenye matundu matundu, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati yake na tofali. Hayo yatakuwa mbali na moto, lakini nayo yakaushwe kwanza.

Likiisha, usiwashe moto mkubwa. Siku tatu nne za mwanzo washa moto mdogo wa kuchemshia chai, unyevu utoke taratibu.

Nesi wa Tengeru:

Dada yangu, nimesoma nikasimama pale uliposema baba ana sukari miaka kumi na mbili. Naomba hili ulichukue kwa uzito kuliko tofali.

Mgonjwa wa sukari wa muda mrefu miguu mara nyingi inakuwa na ganzi. Anakaa motoni, anasogeza miguu kwa sababu anasikia baridi, ngozi inaungua na yeye hasikii maumivu. Nimeshawapokea wazee wa namna hii. Anakuja siku ya tatu au ya nne, anasema "nimeona tu malengelenge asubuhi, sijui yametoka wapi". Ukimuuliza, alikuwa anaota moto. Kidonda hicho kwa mtu wa sukari kinachukua miezi, na wengine wanapoteza kidole au mguu.

Kwa hiyo mzee avae viatu vilivyofunika mguu na soksi, asiote pekupeku wala kwa kandambili. Kiti chake kikae mita moja na nusu kutoka ukingoni, na kiwe kizito, asiweze kukivuta mwenyewe kidogo kidogo bila mtu kuona. Joto alipime kwa mkono au uso, asilipime kwa miguu. Na kila akitoka motoni yule binti amwangalie miguu, juu na nyayo, kwa taa.

La jiko la mkaa chumbani umefanya vizuri kulikataa. Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, mtu anasikia usingizi tu, anaenda moja kwa moja. Mwambie binti asije akachota makaa ya uani usiku akayaingiza ndani "yamalizikie" chumbani. Ni hatari ile ile.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, unga wa ngano, mafuta, vyote hapana. Kwa mzee, hata doa dogo, hospitali.

Binti wa Uru:

Nesi, nimekusoma mara tatu na nimempigia yule binti muda huu huu. Ameniambia baba huvua viatu akikaa motoni. Mungu akubariki. Fundi, asante, mdogo wangu amekubali tofali, rimu tutaiacha.

Nina swali moja, na linanigusa. Tulipobomoa jiko la mama, yale mafiga matatu hakuna aliyeyatupa. Yako nyuma ya zizi la mbuzi, yamekaa mvuani miaka yote hii. Ni mawe meusi, mazito, upande mmoja bado yana masizi ambayo mvua haijayatoa. Nilipomweleza baba habari ya tofali, aliuliza jambo moja tu: mafiga yatakaa wapi? Naona anataka yawe katikati. Mama yangu alipikia hapo watoto saba. Yameshazoea moto, je, yanaweza kupasuka kama ya mto?

Fundi Sakina:

Yanaweza. Jiwe halikumbuki moto, dada. Likinyeshewa miaka yote hiyo limekunywa maji kama jingine. Lakini hilo lililokaa motoni miaka arobaini lingekuwa na ufa mbaya lingeshaachana zamani, kwa hiyo yanafaa kuliko yote mtakayookota. Yakausheni. Yasiwekwe motoni. Yakae pembeni mwa jiko la kuni linalowaka kila siku, wiki tatu, na yageuzwe. Kisha moto mdogo kama nilivyosema, na siku hizo mzee na watoto wakae mbali. Uyagonge kwa nyundo kila moja. Likilia kama limepasuka ndani, liweke kando, tafuta namna nyingine ya kulihifadhi.

Mkulima Kibosho:

Jirani yako wa ng'ambo ya Karanga hapa. Fundi na Nesi wamemaliza mambo ya jiwe na mguu, mimi naongea upepo na kuni.

Mchana upepo unapanda mlima, usiku unashuka. Jua likizama mlima unapoa na ile hewa baridi inateremka mabondeni mpaka asubuhi. Kwa hiyo moshi wenu wa jioni utaenda kusini, kwa mteremko. Moto mliuweka upande wa juu wa baraza, lazima moshi uingie ndani. Upeleke upande wa mashariki, moshi upite juu ya migomba, na kiti cha mzee kikae upande wa juu, mlima mgongoni kwake. Atapata baridi mgongoni, basi muwekee hata ukuta mfupi wa mabanzi au ua nyuma ya kiti.

Migomba iwe mbali mita sita au zaidi, na yale majani makavu yanayoning'inia yakatwe. Jani kavu la mgomba likishika moto halitulii chini. Linanyanyuka, linapaa huku linawaka, linakwenda kutua usipopajua. Msiwashie moto kwa majani hayo wakati wa kiangazi. Sisi wa upande huu wote tunakumbuka Oktoba 2020, tulivyokuwa tunatoka nje usiku tunautazama moto kule juu kwenye hifadhi ya Kilimanjaro.

Kuni: kama mna mibuni mizee mliyong'oa, hiyo ndiyo kuni ya mzee. Inawaka taratibu, makaa yake yanakaa, haina moshi mwingi. Grivelia iliyopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita nayo nzuri. Mpaini mbichi unarusha cheche, uacheni. Na mnyaa wa uzio usiingie motoni hata kijiti, utomvu wake na moshi wake vinachoma macho. Masale, mmea wetu Wachaga wa heshima, sina haja ya kukwambia.

Binti wa Uru:

Narudi kama nilivyoahidi. Leo ni wiki ya kwanza ya Julai na mduara umesimama.

Tofali tulinunua 130, tukazigonga moja moja mimi na mdogo wangu, tukarudisha 19 zilizolia "pu". Muuzaji hakupenda lakini alizibadilisha. Udongo tulichukua kwenye kichuguu cha shangazi. Kazi ilichukua siku mbili, na gharama yote pamoja na kokoto na usafiri haikufika laki moja na nusu.

Mafiga yalilala wiki tatu na siku mbili kwenye jiko la shangazi, jirani yetu, ambaye bado anapikia kuni. Kila asubuhi alikuwa anayageuza na kunitumia ujumbe: "Yamegeuzwa." Siku ya kwanza mvuke ulionekana kwa macho, anasema, na harufu ya masizi ya zamani ilitoka akamkumbuka mama. Mawili yalilia vizuri kwa nyundo. La tatu, lile dogo la upande wa mlangoni, lililia kama chungu chenye ufa. Sikuthubutu kulitumia. Nilidhani baba atakasirika. Alilichukua, akalizungusha mikononi, akasema lipelekwe kwenye kaburi la mama, likae kichwani. Tukafanya hivyo siku ile ile. Katikati ya moto tumepanga mawili ya mama na la tatu la shangazi kutoka jikoni kwake.

Kiti tumemfanyia cha gogo, hakivutiki. Mgongoni kuna mabanzi kama Mkulima alivyosema. Mwanzoni viatu vilikuwa vita. Anasema mtu haoti moto na viatu, ni kama kula na glavu. Nikamweleza maneno ya Nesi, habari ya mzee aliyekuja siku ya nne na malengelenge asiyojua yalipotoka. Akanyamaza muda. Kisha akamwita binti amfunge kamba za viatu. Sasa kila jioni binti anamwangalia nyayo kwa tochi ya simu, na baba mwenyewe ndiye anayenyanyua mguu bila kuambiwa.

Jumamosi iliyopita shangazi aliinjika mtori pale. Baba alikuwa anamwelekeza lini apunguze kuni, lini asogeze. Alikaa mpaka saa tatu na nusu, na kwa habari ya jiko la mkaa chumbani, tangu Juni hajataja tena.

Fundi, lina tatizo moja. Tundu la hewa la upande wa migomba linaziba majivu kila baada ya siku mbili, hayo mengine matatu yako safi. Nilipanue?

Fundi Sakina:

Usilipanue dada. Hilo ndilo tundu la chini ya upepo, hewa ya mlimani inasukuma majivu upande huo kila usiku. Ukilipanua utakuwa unatoa makaa nje kwenye majani. Mwambie binti azoe majivu asubuhi kabla hajawasha, aache kina cha vidole viwili tu. Ayaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, si ya plastiki, yakae siku mbili, maana kaa linaweza kuwa hai ndani ya majivu mpaka kesho yake. Baada ya hapo yamwagwe kwenye migomba.

Na huyo mzee mpe shikamoo yangu tena.